Maegesho Hujengwa Kwanza: Minara Iliyokwama na Bukoba Inayopanda Juu

Mwaka 2018 kazi ilisimama Morocco Square, mradi wa Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) ulioko Kinondoni, Dar es Salaam, minara ikiwa imeshapanda. Mwaka 2021 serikali ikaliruhusu shirika kukopa tena, mafundi wakarudi kazini. Katika miaka ile ya ukimya kila kijiwe kilikuwa na maelezo yake: fedha zimeliwa, ni siasa, nyumba hazina wanunuzi. Na kila mradi wa aina hii unapoamshwa, huzuka swali jingine ambalo watu hulibishania kwa sauti kubwa zaidi: magari yatalala wapi?

Maswali haya mawili, la jengo kukwama na la maegesho, hujadiliwa kana kwamba hayajuani. Wahandisi na wachumi huhangaika na la kwanza; madalali, wapangaji na madiwani huhangaika na la pili. Ukiyatazama kwa pamoja, unaona kuwa sehemu kubwa ya jibu la moja imo ndani ya lingine.

Msomaji aliyeko Kamachumu, wilayani Muleba mkoani Kagera, ana haki ya kuuliza yote haya yanamhusu nini. Yanamhusu. Ndugu zake walioko Dar es Salaam na Mwanza ndio wanaoshawishiwa kununua nyumba ikiwa bado kwenye ramani. Na Bukoba, mji anaokwenda kwa shughuli zake, umebanwa kati ya ziwa na vilima. Viwanja vya katikati vimekaliwa na majengo mafupi ya zamani, na hakuna pa kwenda isipokuwa juu. Kabla mji haujaenda huko, ni vyema kujua wenzetu walijikwaa wapi.

Kilichosimamisha kazi

Mtu wa Muleba anayejenga kwao huchimba msingi mwaka huu kwa fedha za kahawa, mwakani akapandisha kuta, kisha akaacha pagale likae hata miaka mitano. Halimdai kitu. Mvua italipiga, majani yataota sebuleni, lakini hakuna benki itakayomgongea mlango. Mnara wa mjini haujengwi hivyo. Ukishaanza, riba inahesabu kila siku, mkandarasi anawasilisha hati za malipo kila mwezi, na mashine za kukodi zinalipiwa hata zikiwa zimelala.

NHC ya miaka ya 2010, chini ya mkurugenzi mkuu Nehemia Mchechu, iliamua kujenga kwa kasi ambayo shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1962, halikuwa nayo katika miaka iliyotangulia karibuni. Mtaji wake mwenyewe ulikuwa mdogo ukilinganisha na ramani zilizokuwa mezani. Pengo lilitarajiwa kuzibwa na mikopo ya benki pamoja na malipo ya awali ya wanunuzi. Ila shirika la umma halikopi linavyotaka. Lina ukomo, na kuuvuka kunahitaji idhini ya serikali. Idhini ilipochelewa, mnyororo mzima ulikatika. Mradi wa Kawe unaojulikana kama 711, wenye nyumba 422, ulisimama katika kipindi hicho hicho na kuanza tena mwaka 2022.

Soko nalo lilikuwa limegeuka. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na nyumba za bei ya juu za Dar es Salaam zikapoteza sehemu ya wapangaji ambao wajenzi waliwategemea. Nyumba mpya ilibeba Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, jambo ambalo NHC ililalamikia kwa miaka mingi. Mkopo wa nyumba, licha ya sheria mahususi iliyotungwa mwaka 2008 na kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company) mwaka 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu, uliendelea kuwa na riba inayozidi asilimia 10 kwa mbali. Ni wachache wanaoweza kuubeba kwa mshahara.

Kwa hiyo waliosema ni siasa wana sehemu ya ukweli, maana kalamu ya kuruhusu au kuzuia mkopo ilikuwa serikalini. Waliosema hakuna wanunuzi nao hawakukosea sana. Lakini mradi unaosimama wima pale tu ambapo idhini zinakuja kwa wakati, bei haishuki na wanunuzi hawasiti, ulikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza. Nairobi wanalo pagale lao kubwa zaidi: The Pinnacle, mnara wa zaidi ya ghorofa 60 uliozinduliwa Upper Hill mwaka 2017 ukichanganya hoteli na makazi, ukaishia kwenye mgogoro wa ardhi na kesi mahakamani.

Kusimama kwenyewe kuna gharama. Nondo zilizoachwa zikichomoza juu ya nguzo hushika kutu, na fundi akirudi lazima azisugue, azipime, pengine azikate na kuunganisha nyingine. Zege lililokaa wazi kwenye hewa ya chumvi ya Dar es Salaam hutobolewa ili kuchukua sampuli za maabara kabla ya kubebeshwa uzito mpya. Lifti zilizoagizwa hukaa ghalani mpaka muda wa dhamana unakwisha. Walinzi wanalipwa. Mkandarasi anadai fidia ya kucheleweshwa. Ndiyo maana gharama ya kumalizia jengo lililokwama karibu kila mara huzidi kile kilichokuwa kimebaki kwenye bajeti ya awali.

Fedha ya kwanza hulipia magari

Hapa ndipo maegesho yanapoingia. Mnunuzi hulipia vyumba, jiko na mandhari ya bahari au ya ziwa. Maegesho hukaa chini ya vitu hivyo vyote, na cha chini hujengwa kwanza. Shimo huchimbwa, maji hupampiwa, kuta za kuzuia udongo humwagwa, njia za kupandishia magari husukwa nondo, na katika muda wote huo hakuna chumba hata kimoja ambacho dalali anaweza kumwingiza mteja akione.

Hesabu ni rahisi. Nafasi ya gari moja ni kama mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Ukiongeza njia ya kupita, kona na mteremko, kila gari linakula kati ya mita za mraba 25 na 30. Chukua jengo la nyumba 100 kwa mfano. Ukiahidi kila nyumba magari mawili, unahitaji mita za mraba 5,000 hadi 6,000. Kama ghorofa moja ina mita za mraba 1,500, basi takriban ghorofa nne nzima ni za magari. Kwenye eneo hilo hilo zingeingia nyumba zaidi ya 60 za vyumba viwili.

Zaidi ya hapo, gari na kitanda havipangiki sawa. Ili magari matatu yaingie kati ya nguzo mbili unahitaji uwazi wa karibu mita nane, wakati vyumba vya makazi hupangika vizuri kwenye nguzo zilizo karibu zaidi. Mhandisi hulazimika kuweka boriti nene za kuhamisha uzito kutoka kwenye nguzo za juu kwenda kwenye za chini. Boriti hizo zinakula saruji na nondo kwa kiasi ambacho hakionekani kwenye picha za matangazo.

Matokeo yake ni kwamba mradi hutumia mkopo wake wa mwanzo, ambao riba yake itahesabiwa kwa muda mrefu kuliko yote, kujenga kitu chenye mapato madogo kuliko yote. Sidai kwamba maegesho ndiyo yaliyoikwamisha Morocco Square. Sababu kuu tumeshaziona. Ninachosema ni kwamba katika mnara wowote, kila ghorofa ya magari inaisogeza mbele siku ambayo nyumba ya kwanza itauzwa, na idhini ikichelewa katikati ya safari hiyo, jengo hukutwa likiwa na deni kubwa na bidhaa chache.

Hoja za wanaovutana

Upande wenye sauti kubwa ni wa wanaotaka maegesho mengi. Hoja yao ni ya soko: anayemudu nyumba ya mamia ya mamilioni ana gari, mara nyingi mawili, na hatanunua mahali ambapo atazunguka usiku akitafuta pa kuliacha. Wana hoja ya usalama pia, kwani vioo na taa za gari lililolala barabarani huibwa. Na wana kanuni upande wao. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kanuni za viwango za mwaka 2018 zinahitaji uendelezaji wa mjini utenge nafasi za magari kulingana na matumizi ya jengo. Udhaifu wao ni kuhesabu mahitaji kana kwamba nafasi ni ya bure. Ukimuuliza mtu kama anataka nafasi mbili, atasema ndiyo. Ukimwambia nafasi ya pili inaongeza bei ya nyumba kwa mamilioni, jibu linaweza kubadilika. Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2005 kwamba gharama hiyo haipotei. Hufichwa ndani ya kodi na bei, ikalipwa hata na wasio na gari.

Wa upande wa pili wanasema magari yapunguzwe sana. Kwa Morocco Square wana ushahidi unaoonekana kwa macho: mfumo wa mabasi ya mwendokasi ulioanza Mei 2016 una tawi linaloishia Morocco, hapo hapo jirani, na njia ya awamu ya nne ilipangwa kupita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi kuelekea Tegeta. Mahali gani pengine pangefaa zaidi kwa mtu kuishi bila gari? Mexico City ilifuta kiwango cha chini cha maegesho mwaka 2017 na kuweka ukomo wa juu. Upande huu una mantiki ya mji na mantiki ya bei. Lakini husahau kwamba usafiri wa umma unanunuliwa kwa uaminifu wake. Abiria anayesubiri basi dakika arobaini, kisha likapita limejaa mpaka mlangoni, hatauza gari lake kwa sababu kituo kiko karibu. Uhaba wa mabasi ya mwendokasi umekuwa kilio cha miaka, na nyumba hudumu kuliko ahadi ya ratiba.

Wapo wanaopendekeza kutenganisha. Nyumba iuzwe peke yake, nafasi ya gari iuzwe au ikodishwe kando, kwa bei yake. Asiye na gari halipii. Mwenye matatu alipie matatu. Mchana, wakazi wakiwa kazini, nafasi zilizo wazi zikodishwe kwa saa kwa wenye shughuli madukani na ofisini. Hili linawezekana kwetu, kwa kuwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inatofautisha sehemu ya mtu binafsi na eneo la pamoja. Ugumu uko kwenye utekelezaji. Mkataba ukikaa kimya, nafasi za magari huwa mali ya anayewahi asubuhi, au ya anayefahamiana na mlinzi. Majengo mengi yenye wamiliki wengi yamegombana kwa hilo kuliko kwa bili ya maji.

Iko njia nyingine inayotajwa mara chache. Japani, tangu mwaka 1962, inamtaka mwenye gari awe na mahali pa kuliweka nje ya barabara. Mzigo umewekwa kwa mwenye gari. Kwetu ni vigumu kuiga hilo haraka, lakini linaonyesha kuwa kumlazimisha mjenzi ni chaguo mojawapo tu.

Kariakoo ilivyotumia nafasi hizo

Nadharia zote hizi hukutana na uhalisia wa fremu za maduka. Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, ghorofa iliyopitishwa kwenye ramani kama maegesho mara nyingi imeishia kuwa stoo ya mitumba au maduka, kwa sababu mita moja ya mraba ya duka inalipa kuliko ya gari, tena kwa mbali. Sheria inatekelezwa siku ya kibali, biashara inaamua baadaye. Anayepigania kanuni ya maegesho bila kupigania ukaguzi baada ya jengo kukamilika anapigania mchoro.

Kuchimba chini nako kuna hatari zake. Jengo la ghorofa nne lilipoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu karibu 30, mashuhuda walitaja uchimbaji uliokuwa ukiendelea sehemu ya chini. Miaka kumi na moja kabla, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Visa hivyo viwili si vya maegesho, ila vinakumbusha kwamba kila kinachoongezwa au kubadilishwa chini ya jengo kinagusa uhai wa walio juu yake na walio jirani.

Bukoba si Kinondoni

Tukipanda basi kurudi Kagera, mambo matatu yanabadilisha hesabu.

La kwanza ni ardhi yenyewe. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Bukoba na wilaya za jirani, likaua watu, likabomoa nyumba kwa maelfu na kuziharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Katika mji wa namna hiyo, maegesho ya kawaida ya ghorofa, yaani sakafu ya chini iliyoachwa wazi juu ya nguzo bila kuta, ni mahali dhaifu. Uzito wote uko juu, wepesi wote uko chini. Ardhi ikiyumba upande upande, nguzo hizo ndizo zinazovunjika. Los Angeles walijifunza kwa msiba Januari 1994, pale jengo la makazi la Northridge Meadows, lililokuwa na maegesho sakafu ya chini, lilipojikunja juu ya sakafu hiyo na kuua watu 16. Hili halina maana kwamba haiwezekani kujenga hivyo. Inawezekana kwa kuta za zege za kuhimili mtikisiko, ambazo zinagharimu fedha na kupunguza nafasi za magari zilizokusudiwa.

La pili ni maji. Mto Kanoni hufurika ndani ya mji, na ziwa lilipopanda mwaka 2020 lilionyesha kuwa mstari wa ufukwe si wa kudumu. Ghorofa ya chini ya ardhi kwenye uwanda ule itahitaji pampu kila msimu wa mvua, umeme wa kuziendesha na mtu wa kuamka saa nane usiku umeme ukikatika.

La tatu ni usafiri wa watu wenyewe. Wakazi wengi wa Bukoba wanasafiri kwa miguu, bodaboda na haisi. Kwenye eneo linalotosha gari moja zinaingia pikipiki tano au sita. Mpangaji wa ghorofa ya nne ambaye mama yake amemtumia mikungu miwili ya ndizi na gunia la maharage kutoka Kamachumu, juu ya paa la haisi, hana shida ya pa kulaza gari. Anahitaji mahali ambapo haisi itasimama dakika kumi mzigo ushushwe bila kuziba barabara, na ngazi pana au lifti ya kuupandishia. Ramani nyingi zinazoigwa kutoka Dar es Salaam zina nafasi za magari lakini hazina sehemu ya kushushia mizigo.

Ipo pia Desemba. Wenyeji wakirudi likizo na magari yao kutoka Dar es Salaam, Mwanza na hata Kampala, mitaa ya Bukoba hujaa na kila mtu hulalamikia maegesho. Ni kelele ya wiki tatu. Ukipanga jengo kwa kipimo cha sikukuu, utalipa riba ya nafasi tupu kuanzia Januari hadi Novemba.

Mizani inalala wapi

Kwa jengo lililokwishakwama huku ghorofa zake za magari zimemwagwa, hakuna faida ya kubishana kama zilipaswa kuwepo. Fedha imeshazama. Kinachofaa ni kuzifanya zilipe: zikodishwe kwa saa mchana, ziuzwe kando kwa wakazi wanaozihitaji, na zisigeuzwe maduka kinyemela. Anayefufua mradi angeanza pia na kukamilisha mnara mmoja wa makazi na kuuza nyumba zake, badala ya kutawanya mkopo mpya kwenye sehemu zote kwa pamoja.

Kwa jengo ambalo halijaanza, naona upande wa kutenganisha una nguvu kuliko nyingine, kwa masharti. Dar es Salaam karibu na njia ya mwendokasi, nafasi moja kwa kila nyumba mbili ni mahali pazuri pa kuanzia, huku kiwanja kikipangwa ili maegesho ya ziada yaweze kuongezwa kando baadaye soko likidai. Wanaotaka mbili kwa kila nyumba hawajaonyesha ni nani atakayelipa riba ya miaka ya mwanzo. Wanaotaka sifuri wasubiri mabasi yaonyeshe kwamba yanafika.

Kwa Bukoba msimamo unapaswa kuwa mkali zaidi. Majengo ya wastani ya ghorofa nne au tano, maegesho machache ya wazi nyuma ya jengo, nafasi ya pikipiki na ya kushushia mizigo mbele, na sakafu ya chini yenye kuta za kuhimili mtikisiko. Halmashauri ya Manispaa isilazimishe idadi ya magari itakayomfanya mjenzi aache uwazi chini ya jengo katika mji uliotikiswa mwaka 2016. Mhandisi wa manispaa akilazimika kuchagua kati ya nafasi tano za magari na ukuta mmoja wa zege, achague ukuta.

Na wewe ndugu uliyeko Dar es Salaam, unayetaka kuweka akiba yako kwenye nyumba iliyo bado kwenye ramani, kabla ya kutia saini omba uonyeshwe mambo matatu kwa maandishi: fedha za kumalizia jengo zimetoka wapi na zimeidhinishwa na nani, nafasi ya gari imo ndani ya hati yako au ni eneo la pamoja, na fedha yako itarudishwaje kazi ikisimama. Muuzaji akikujibu kwa picha ya kompyuta ya jengo lililokamilika, funga pochi yako.